Faili la Makapi

Luciana aliondoka Nyanungu bila kumgusa baba mkwe wake, na mambo yaliharibikia hapo.

Si kwamba hakutaka. Mkobani alikuwa na sindano mpya, pamba, spiriti na vichupa, na mkono wake ulikuwa umeshatoa damu kwa watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Lakini mke wa mtoto hamshiki baba mkwe. Kwa Wakurya wa kule hata sahani hamkabidhiani mkononi. Unaiweka chini, unarudi nyuma, naye anaiokota. Ukipita mbele ya nyumba yake unapita umeinamisha macho. Sasa umfunge mpira mkononi, umpapase mshipa, umtoboe? Mama mkwe wake angeanza kulia kabla sindano haijatoka kwenye karatasi.

Mume wa Luciana, Yona, alikuwa mbali, anaendesha malori ya Kahama. Basi vichupa akamwachia shemeji yake Joel, mdogo wake Yona, ambaye ndiye aliyebaki na mifugo na wazazi.

"Unamfunga hapa," alimwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. "Mshipa ukisimama, unaingiza taratibu. Hushindwi wewe, ng'ombe unawatoboa shingoni kila siku."

"Ng'ombe hawanitukani," Joel alisema.

Mzee Machage, baba yake, alikuwa ameanza kutukana. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya ng'ombe zake, sasa alilala mchana kutwa, mara nyingine tonge likiwa bado mdomoni. Usiku alizunguka boma akiwaita watu waliokufa zamani. Siku moja alimpiga mkewe kwa fimbo ya kuchungia mpaka akamchana paji la uso, kisha jioni akamshika kidevu, akamuuliza ni nani amemuumiza. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema gongo, ingawa mzee hakuwa mnywaji. Luciana, alipomwona kwa mbali amelala juani na mdomo wazi, alilitazama lile kovu jeusi kwenye ugoko wake, pale palipokuwa na kidonda kisichokuwa na usaha, akawaza neno moja tu: malale.

Ugonjwa huo ndio uliokuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa maabara kwenye mradi wa utafiti wa mbung'o, uliopanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Tarime. Alijua kwamba malale ikiwahiwa inatibika. Alijua pia kwamba ikiachwa huingia kwenye ubongo, na ikishaingia huko, mtu huyo anahesabiwa kati ya wanaoondoka. Hospitali mzee alikataa katakata kwenda. Kwa hiyo damu iende badala yake.

"Damu tupu itasema nini?" Joel aliuliza. Walikuwa wanakula nje, ukutani kwa nyumba ya mzee.

"Itasema yote, shemeji. Ni kimelea gani, mbung'o aliyemng'ata ni wa wapi. Damu haina siri."

"Hata polisi hawana mashine hiyo."

"Polisi wana virungu, inawatosha."

Joel akacheka. Luciana naye akacheka, maana kwenye habari ya mbung'o wa wapi alikuwa ametia chumvi. Damu haisemi hilo. Nyuma ya ukuta wa udongo mzee alikohoa. Hawakumjali. Walijua amelala.

Vichupa vilifika Tarime na bodaboda, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, damu nzuri isiyoganda. Luciana akavipeleka Mwanza kusomwa herufi za chembe za urithi, na majibu yakarudi kwa kompyuta kama yanavyorudi siku zote, kurasa na kurasa za herufi nne zinazorudiarudia, ambazo mtu asiyezijua angesema mtoto amechezea kibodi.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Watu wakisikia habari za chembe za urithi hufikiria protini, lakini mwilini kuna vipande vingi vya RNA, nakala za chembe hizo, ambavyo havitengenezi protini yoyote. Vipo vyenyewe na vina kazi zake. Kimelea cha malale kina kipande kimoja cha namna hiyo ambacho humwagika kwa wingi ndani ya damu ya mgonjwa. Kimelea cha nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe, nacho kina chake. Vinafanana kama ndugu wa tumbo moja, ila herufi zinapishana. Na kuna kanzidata ya dunia nzima ambamo watafiti huweka RNA za aina hiyo walizozipata. Unabandika herufi zako kwenye kisanduku cha kutafutia, unabonyeza, unasubiri mtandao wa Tarime ujisikie, kisha inakuletea rekodi zinazofanana na zako, na mbele ya kila rekodi jina la kiumbe ilikotoka.

Luciana alibandika. Rekodi zikaja. Akazisoma, akabandika tena, akihisi labda amekosea kunakili. Zikaja zilezile. Akamwita mkuu wake.

Daktari Muzamil alikuwa mtu wa Tanga, mtafiti wa mifugo, mwepesi wa kucheka na mwenye kupenda chai ya tangawizi. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, na kikombe kikabaki hewani.

"Hii si malale," alisema. "Hii ni ya nagana. Ya ng'ombe kabisa, Bi Luciana. Iko kwenye damu ya mtu."

"Inawezekana, Daktari?"

"Imewahi kutokea, mara za kuhesabu duniani. Wengi wa wagonjwa hao mwili wenyewe ulimfukuza mdudu." Akavuta kiti, akakaa, uso umemng'aa. "Mara yangu ya kwanza hii. Wewe unajua umeleta nini hapa?"

"Nimeleta damu ya baba mkwe wangu. Apewe dawa gani?"

"Dawa ya malale ni kali. Mzee wa umri ule inaweza kumuua yenyewe. Utampaje dawa ya kuua kwa ugonjwa asiokuwa nao? Subirini. Mlisheni vizuri, mwangalieni. Atainuka."

Luciana alimwamini, na si kwa ujinga. Rekodi zilikuwa mbele ya macho yake, zimewekwa na watu wa nchi mbalimbali wasiojuana, na zote zilisema jambo moja. Alimpigia Joel simu. Joel akauliza, "Kwa hiyo damu imesema hana malale?"

"Haina malale. Subirini."

"Sawa," Joel alisema polepole. "Kama mmesema nyinyi."

Wiki hiyohiyo Muzamil aliandaa rekodi mpya, akaituma kwenye kanzidata. Kipande kile, herufi zake zote. Mahali: Nyanungu, Tarime. Mwenyeji, maana ndivyo watafiti wanavyomwita anayebeba kimelea: mtu, mwanamume. Jina la Luciana akaliweka chini ya lake.

Wakasubiri. Mama mkwe alimlisha mzee uji wa mtama kwa kijiko, na mzee akawa anasahau kumeza. Wazee wa ukoo walikuja, wakakaa, wakaondoka wakitikisa vichwa. Kila Luciana alipopiga simu aliambiwa bado. Halafu siku moja Joel alipiga mwenyewe.

"Haamki tena hata usiku," alisema. "Zamani tulikuwa tunalalamika anapiga kelele. Sasa mama anakaa mlangoni anamwomba apige."

Luciana alikata simu akabaki anaitazama kompyuta. Uani kwa mwenye duka walikuwa wanakata nondo, na cheche zilionekana dirishani. Alifungua majibu ya mzee tangu mwanzo, bila kujua anatafuta nini, kama mtu anayerudi njiani kuangalia kilichomdondoka.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Majibu yakifika kutoka Mwanza, programu huchambua kwanza vipande vya RNA vya mtu na kuvitenga, maana si yeye anayetafutwa. Vya kimelea huviweka mbele. Vilivyobaki, visivyojulikana ni vya nani, hutupwa kwenye faili la pembeni ambalo Muzamil alilipa jina la makapi. Kila sampuli ina makapi yake, ya kiganja tu, na hakuna anayehangaika nayo. Makapi ya mzee Machage yalikuwa mengi kuliko ya wagonjwa wengine wote yakichanganywa. Luciana aliyaona tangu siku ya kwanza. Alidhani mashine ya Mwanza imeharibu, akapita.

Sasa akachukua kipande cha juu kabisa cha makapi, kifupi, akakibandika kwenye kisanduku. Akabonyeza.

Rekodi: ng'ombe.

Akachukua cha pili. Ng'ombe na nyati. Cha tatu ng'ombe, mbuzi, kondoo. Akaruka katikati ya faili, akaokota chochote. Ng'ombe. Akaenda mwisho. Ng'ombe.

Lakini vile vya mtu, vilivyotengwa kwanza? Vilikuwepo vingi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Akavifungua navyo, akatafuta kimoja kimoja. Kila rekodi iliyokuja ilikuwa na msafara: mtu, ng'ombe, panya, mbwa, wote pamoja. Kuna RNA ambazo Mungu hakusumbuka kuzibadilisha kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, na programu, kwa kuwa ilifundishwa kumtafuta mtu, ilizikuta hizo ikaziita za mtu. Luciana alitafuta kipande kimoja tu kilicho cha mtu peke yake. Alitafuta mpaka wakata nondo wakaacha kwenda kula. Hakikuwepo.

Damu ile ilikuwa ya ng'ombe.

Alikwenda chumba cha pili. Muzamil alikuwa anaandika.

"Daktari, mwenyeji wetu si mtu."

Alimweleza. Muzamil alikuja akaangalia mwenyewe, akabandika vipande vyake mwenyewe, alivyovichagua yeye, na kila rekodi ilivyokuja ndivyo mabega yake yalivyozidi kushuka. Mwishoni alivua miwani.

"Mimi ndiye niliyesema msubiri," alisema.

"Tulisema wote."

"Nenda. Chukua gari, nitalipa mimi. Nenda sasa."

Luciana alipanda Probox ya abiria hadi njia inapoachana, kisha bodaboda mpaka bomani. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa hifadhi ya wanyama, na vigingi vya mpaka wake, vile vya zege vyeupe, vilionekana kwa mbali juu ya mteremko. Joel alikuwa zizini, anafunga ndama. Alipomwona Luciana anakuja bila kusalimia, aliachia kamba.

"Vile vichupa ulijaza nini, shemeji?"

"Damu."

"Ya nani?"

Joel aliwatazama ng'ombe, kama vile mmoja wao angejibu kwa niaba yake.

"Umejuaje?"

"Imesema."

"Imesema na jina la ng'ombe?"

"Joel."

"Ni yule wa kijivu," alisema, akaonyesha kwa kidevu. Jike lenye mbavu za kuhesabika lilikuwa limesimama peke yake, kichwa chini. "Si mimi niliyetaka. Siku ile tunakula, mzee alikuwa macho. Alisikia yote. Ulipoondoka aliniita akasema, mkwe wangu msomi ataifanya damu yangu iseme nilikuwa ng'ambo ya vigingi. Askari wa hifadhi wakijua tulilisha kule watakuja, watasomba ng'ombe wote, watapigwa mnada, na nyinyi mtakula nini? Akasema damu yake haitoki hapa nyumbani."

"Nilikuwa natania. Haisemi mtu alikuwa wapi. Nilikuwa nakutania wewe."

"Yeye hakujua utani. Mimi pia sikujua." Joel alijifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Sasa nimkatalie baba? Akiwa ndani ya akili zake, siku ambayo akili ilikuwepo? Nikafikiri, huyu jike alikuwa naye kulekule. Mto ni mmoja, mbung'o ni walewale, na amekonda kama yeye alivyokonda. Nikasema ugonjwa ni huohuo. Nikamfunga kamba ya shingo, nikampiga mshale wa kutolea damu, nikakinga. Nikajua nyinyi mtaona kilekile."

"Mbung'o mmoja anabeba hiki, mwenzake anabeba kile."

"Hilo hukuniambia."

Kweli, hakumwambia. Luciana aligeuka akaelekea nyumba ya mzee. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, kovu la paji likiwa bado bichi.

"Shikamoo mama. Naomba nipite."

"Unapita kwenda wapi?"

"Ndani."

Yule mama alimtazama kwa muda, akayaona macho yake, kisha akajifunika uso kwa khanga ili asiwe shahidi, na akasogeza miguu.

Ndani kulikuwa na harufu ya mkojo na moshi. Mzee alikuwa kitandani, mwepesi kama ngozi iliyoanikwa. Luciana alipiga magoti, akashika mkono ambao miaka yote hiyo hajawahi hata kuugusa kwa salamu, akaona jinsi ulivyo mdogo. Alipita mkono wake chini ya shingo yake ili amwinue. Mzee alifumbua macho.

"Nani?"

"Mimi, tata," akamwita baba kwa Kikurya. "Luciana."

Midomo ilitafuta maneno muda mrefu.

"Toka," alisema.

Hakutoka. Alimwita Joel, wakambeba kwa shuka hadi barabarani, na jirani mwenye gari akakubali. Joel, akiwa anafunga mlango wa gari, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza, "Na yule wa kijivu?"

"Yule ana nagana. Majibu yalikuwa yake. Mwite bwana mifugo amchome sindano."

Hospitali haikuhitaji kanzidata. Tone moja la damu chini ya hadubini, na yule fundi wa pale akampisha Luciana aangalie mwenyewe. Vimelea vilikuwa vinajipinda kati ya chembe za damu kama vibua kwenye beseni. Wakatoa maji ya uti wa mgongo; humo navyo vilikuwemo. Daktari aliuliza ugonjwa ulianza lini, Luciana akataja, na yule daktari hakuuliza kwa nini wamechelewa. Labda alishazoea kutouliza. Dawa ilibidi iagizwe kutoka mbali. Ilifika, ikiwa bado kwenye boksi lake lililofungwa, asubuhi ambayo Joel alikuwa ameenda kutafuta mbao za jeneza.

Walimzika bomani, upande wa kulia wa zizi, kama inavyompasa mwenye mji. Yona alifika na lori, akalia akiwa ameegemea tairi. Hakuna aliyesema habari ya vichupa. Mama mkwe alimpokea Luciana kwa mikono miwili, lakini sahani ya chakula hakumpa. Alimwekea chini, akarudi nyuma, kama vile yeye ndiye sasa wa kuogopwa. Muzamil alikuja na kofia yake ya kiua, akasimama nyuma ya watu mpaka mwisho, na alipoondoka hakunywa chai.

Luciana aliporudi kazini alikuta vumbi kwenye kompyuta. Alifungua kanzidata, akaandika Nyanungu kwenye kisanduku. Ikaja rekodi moja. Mwenyeji: mtu, mwanamume. Jina lake mwenyewe lilikuwa pale chini, la pili.

"Nitaomba waifute," Muzamil alisema nyuma yake. "Nimeshaandika barua pepe, bado sijaituma. Inanitia kichefuchefu kuiona."

"Usiifute. Irekebishwe. Ng'ombe alikuwa anaumwa kweli. Kuna mtu kule atabandika kipande chake, itamletea hii, ataamini kama nilivyoamini mimi. Bora akute ukweli."

Muzamil alimfungulia ukurasa wa masahihisho, akaingiza nywila yake, akasimama ampishe kiti, akatoka nje.

Luciana alifuta neno mtu, akaandika ng'ombe. Akafuta mwanamume, akaandika jike. Ukurasa ukahitaji pia hali ya mwenyeji wakati wa mwisho kuonekana, na hilo hakulijua. Akampigia Joel.

"Yule jike wa kijivu yupo?"

"Yupo," Joel alisema. Nyuma yake kengele ya ng'ombe ilisikika. "Tangu achomwe sindano ananenepa tu. Maziwa yamerudi, mengi, na hakuna wa kunywa. Mama hataki hata kuyanusa. Anamwaga."

"Anamwaga wapi?"

"Pale kwa mzee."

Luciana aliishusha simu mezani. Kisha akaandika: hai.